Je, marufuku ya mabomu ya kutegwa ardhini imepitwa na wakati?

*"Nafundisha sekondari mkoani Mtwara. Wanafunzi wangu wa kidato cha tano wanajiandaa kwa mdahalo wenye mada: 'Mabomu ya kutegwa ardhini ni silaha halali ya mnyonge.' Upande unaounga mkono umekuja na hoja nzito. Bomu ni askari asiyelala, asiyekula wala kudai mshahara. Finland na Poland, nchi zenye watu makini, zimejitoa kwenye mkataba. Na mabomu ya siku hizi hujizima yenyewe. Wapinzani wao wana picha za watoto waliokatika miguu, basi, na naona watashindwa. Mimi mwenyewe sijui nisimamie wapi. Nina pia swali lisilo la darasani: shemeji yangu huvuka Ruvuma kufuata ufuta upande wa Msumbiji. Anasema kule kulisafishwa tangu 2015, kwa hiyo hana cha kuogopa. Ni kweli?"*

Mwalimu, vijana wako wanaounga mkono hawajakosea kila kitu, na ndiyo maana picha peke yake haziwezi kuwashinda. Bomu la kutegwa ardhini linafanya kazi. Lisingefanya kazi, majeshi yasingeligombania kwa miaka mingi hivyo. Swali linalozaa mjadala wa maana ni hili: linafanya kazi kwa masharti gani, kwa muda gani, na masharti hayo yakivunjika linamfanyia kazi nani?

Kwanza tuweke sawa kilichokatazwa, maana midahalo mingi huharibikia hapo. Mkataba wa Ottawa ulifunguliwa kutiwa saini Desemba 1997, na Tanzania na Kenya zikasaini mwezi huohuo. Ulianza kutumika tarehe 1 Machi 1999. Haukatazi kila bomu linalofukiwa. Unakataza lile lililoundwa lilipuke kwa sababu mtu amelikanyaga, amelikaribia au amelisogelea tu, likamuua au kumlemaza. Bomu la kulipua kifaru halimo. Bomu la vyuma linaloelekezwa upande mmoja, ambalo askari hulilipua mwenyewe kwa waya baada ya kumwona adui, nalo halimo. Mstari uliochorwa hautenganishi silaha kubwa na ndogo. Unauliza nani anaamua mlipuko utokee, askari au mguu wa mpita njia. Kwa kipimo hichohicho, kopo la baruti lililotengenezwa porini na kufukiwa njiani ili mtu alikanyage linahesabiwa kuwa bomu lililopigwa marufuku, hata kama halijawahi kuona kiwanda. Nchi mwanachama hupewa miaka 4 kuharibu akiba yake na miaka 10 kusafisha ardhi yake, na inaweza kuomba kuongezewa muda wa kusafisha.

Sasa chombo chenyewe. Chukua PMN ya Kisovieti, iliyotapakaa kuanzia Angola mpaka Kambodia. Ni kisanduku cha plastiki ngumu cha mviringo chenye kifuniko cha mpira mweusi, na ndani yake kuna gramu 240 za baruti ya TNT. Uzito wa mguu unabonyeza mpira, pini inafyatuka, kilipushi kinawaka, na hapo hapo kinalipuka. Vijana wako watakwambia wameona kwenye filamu mtu akikanyaga, akasikia "tik", akabaki amesimama mpaka mwenzake aje kumwokoa. Karibu mabomu yote ya aina hii hulipuka yanapobonyezwa, si mguu unapoinuliwa. Ukisikia kitu, umeshachelewa.

Mlipuko huo hausukumi moto tu. Unapandisha mguuni udongo, majani, vipande vya kiatu na mifupa ya unyayo, na kuvishindilia juu katikati ya nyama. Daktari wa upasuaji hawezi kukata pale jeraha linapoonekana kuishia. Hukata juu zaidi, huacha kidonda wazi siku kadhaa, kisha hurudi chumba cha upasuaji mara ya pili au ya tatu. Kwa mtoto, mfupa wa kigutu huendelea kukua, hivyo atapasuliwa tena miaka ya mbele, na mguu wake wa bandia unapaswa kubadilishwa takriban kila miezi 6. Mtu mzima hubadilisha kila miaka 3 hadi 5. Kama wapinzani wako wanataka kuzungumzia watoto, waseme haya. Picha inahuzunisha kwa dakika moja, lakini hesabu ya miguu ya bandia ya mtoto wa miaka 8 hadi atakapotimiza 18 haina wa kuibishia.

Kuna aina nyingine zisizojeruhi mguu mmoja. OZM-72 hufyatuka kutoka ardhini, ikapanda hadi kimo cha kiuno cha mtu ndipo ikapasuka na kutawanya vyuma pande zote. POMZ hufungwa juu ya kigingi na kutegwa kwa waya mwembamba unaokatisha njia. Hizi huua, na huua zaidi ya mmoja.

Kwa nini basi jeshi lizipende? Sababu inayotajwa sana ni kuua, na ndiyo dhaifu kuliko zote. Sababu ya kweli ni muda. Bomu la kulipua kifaru huhitaji uzito mkubwa, mara nyingi kilo 120 na zaidi, hivyo mtu wa kawaida anaweza kulikanyaga bila kulifyatua. Maana yake askari wa uhandisi medani wa upande wa pili anaweza kuja usiku, akayachimbua moja moja kwa mikono na kufungua njia ya vifaru. Ukichanganya katikati yake mabomu madogo ya watu, yaani yale yanayolipuka mtu akiyakanyaga, kazi ya saa moja inakuwa kazi ya usiku kucha. Na adui aliyekwama mahali pamoja usiku kucha ni shabaha ya mizinga yako.

Hebu isome tena sentensi hiyo ya mwisho, kwa sababu hoja yote imeegemea hapo. Uwanja wa mabomu hauzuii jeshi. Unalichelewesha mbele ya bunduki zako. Ukiondoa bunduki, ukiondoa macho yanayoutazama, unabaki na ardhi yenye hatari isiyo na mwenyewe, na adui ataivuka kwa subira tu. Majira ya joto ya 2023 huko Zaporizhzhia, jeshi la Ukraine lilikwama kwenye mabomu ya Urusi kwa sababu mabomu yale yalikuwa na mizinga, helikopta na droni juu yake. Mfano huo wape wanaounga mkono, ni wao kwa haki.

Wapinzani wao wape Rhodesia. Kuanzia 1974 serikali ya Wazungu wachache ilianza kujenga ukanda wa mabomu kandokando ya mpaka na Msumbiji ili kuwazuia wapiganaji wa ukombozi wasiingie. Kwenye karatasi mpango ulikuwa mzuri: nyuzi mbili za uzio, mabomu katikati, mitambo ya kengele, na askari wa kukimbilia pale kengele inapolia. Kilichotokea ni kwamba askari wa kukimbilia hawakutosha. Uzio ulihitaji matengenezo, na matengenezo yalihitaji watu. Wapiganaji walijifunza kupita, wengine wakipoteza miguu na maisha, lakini walipita, na mwaka 1980 nchi ikawa Zimbabwe. Mabomu yakabaki. Mengi yalikuwa ya plastiki yenye chuma kidogo mno, na zaidi ya miaka 40 baadaye ng'ombe na wachungaji walikuwa bado wanayakanyaga. Wazimbabwe waliojifunza kazi ya kutegua kwa msiba huo ndio walioajiriwa kwa wingi kusafisha visiwa vya Falkland, mabomu ya vita vya Uingereza na Argentina vya 1982, kazi iliyokamilika Novemba 2020. Yule askari asiyelala aliachwa zamu miaka 38 baada ya makamanda wake kwenda nyumbani.

Kwa hiyo neno "mnyonge" kwenye mada yenu ndilo ningelishambulia kwanza. Bomu lenyewe ni rahisi kununua, lakini uwanja wa mabomu unaofanya kazi ni ghali: unataka ramani sahihi, uzio, doria, mizinga na nidhamu ya kuandika kila lililofukiwa. Mnyonge hana vitu hivyo. Anachoweza ni kufukia na kuondoka, na hiyo ndiyo namna isiyomsaidia vitani na inayomuumiza jirani yake baadaye.

Je, hayo ni maneno ya wanaharakati tu? Hapana. Mwaka 1996 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilichapisha uchunguzi wa kijeshi uliopitia mapigano 26 tangu 1940, na ukahitimisha kwamba faida ya mabomu haya vitani ni ndogo ikilinganishwa na madhara yake. Mwaka huohuo majenerali 15 wastaafu wa Marekani, akiwemo Norman Schwarzkopf aliyeongoza vita vya Ghuba, walimwandikia Rais Clinton barua ya wazi wakiunga mkono marufuku. Uchunguzi ule una umri sasa, na mtu anaweza kudai kwamba droni zimebadilisha hesabu: zinampa mlinzi macho aliyoyakosa Rhodesia. Ni hoja ya kweli. Ila ina ncha mbili, maana mlinzi mwenye droni ana njia nyingi za kumchelewesha adui bila kuacha kitu kinachomngoja mtoto.

Hapa tunafika Finland. Mwaka 2025 nchi tano zilitoa taarifa ya kujitoa kwenye mkataba: Estonia, Latvia, Lithuania, Finland na Poland. Zote zinapakana na Urusi au Belarus, na Urusi haijawahi kuwa mwanachama. Finland pekee ina mpaka wa takriban kilomita 1,340 na Urusi, misitu mitupu, na ilikuwa imeshaharibu akiba ya mabomu zaidi ya milioni moja. Hoja yao haihitaji kudharauliwa. Wanasema: jirani yetu anayatumia, sisi ni wachache, tutayaweka kwenye mpaka wetu wenyewe, tutayachorea ramani, na tutayaondoa sisi. Nchi tajiri yenye jeshi la nidhamu inaweza kutimiza masharti niliyoyataja. Ninachoona mimi ni kwamba hoja hiyo haisafirishiki. Haiwezi kutolewa Helsinki ikapandwa kwenye vita ya waasi, ambako mstari wa mbele hubadilika kila wiki na ramani, ikiwepo, huungua na aliyeichora. Isitoshe, Norway nayo inapakana na Urusi na imebaki ndani ya mkataba. Kwa hiyo jibu la kijeshi si moja hata huko kwao.

Kipengele kimoja cha sheria kitawapendeza vijana wanaopenda kubana. Kujitoa huanza kutumika miezi 6 baada ya taarifa, lakini nchi ikiwa vitani muda huo unapoisha, kujitoa kwake hakuanzi mpaka vita ile iishe. Waandishi wa mkataba waliona mbali: ahadi unayoweza kuivunja siku vita inapoanza haikuwa ahadi ya vita. Ndiyo sababu tangazo la Ukraine la 2025, kwamba inasimamisha utekelezaji wa mkataba, limezua ubishi mkubwa wa kisheria.

Mabomu yanayojizima nayo yapo kweli. Ndani huwa na saa ya kielektroniki na betri. Ya Kimarekani yanayotawanywa kwa ndege au mizinga huwekwa yajilipue baada ya saa 4, saa 48 au siku 15, na yakishindwa, betri huisha yakakosa nguvu ya kufyatuka. Upo pia mkataba mwingine, ulio mlegevu kuliko wa Ottawa, ambao kwa mabomu ya watu yanayotawanywa kutoka mbali unataka yasiyojilipua ndani ya siku 30 yasizidi asilimia 10, na baada ya siku 120 lisizidi 1 kati ya 1,000 linaloweza bado kufanya kazi. Tarakimu hizo zinavutia hadi ujiweke mahali pa mteguaji. Bomu lililozimika bado lina baruti ndani. Kwa macho halitofautiani na lililo hai, hivyo kila moja hushughulikiwa kama lingali hai. Tazama "kipepeo" cha Kirusi, PFM-1, kijani au kahawia, chepesi, kinachomwagwa kutoka angani kama majani. Lipo toleo linalojilipua na toleo lisilojilipua, na kinachoyatenganisha kwa nje ni herufi moja iliyochorwa kwenye bawa. Nani atainama kuisoma? Na kwa kuwa yanamwagwa, ramani yake ni ya kukisia.

Hata umri hauyazimi kwa uhakika. Waya huoza, vigingi huanguka, lakini TNT ndani ya plastiki hudumu miongo. Baadhi hudhoofika, baadhi huwa nyepesi zaidi kufyatuka, na huwezi kujua lipi ni lipi. Kuchoma nyasi hakusafishi, na mvua kubwa huweza kuyahamisha kutoka mlimani hadi kwenye shamba ambalo halijawahi kuwa na kitu.

Sasa tuje Msumbiji, ambako swali la mdahalo na swali la shemeji vinakutana. Mabomu ya kwanza kaskazini, kando ya Ruvuma, yalitegwa na Wareno katika vita ya ukombozi, kuanzia 1964, ili kuwazuia FRELIMO waliokuwa wakitokea upande wetu. Kisha vita ya wenyewe kwa wenyewe, 1977 hadi 1992, pande zote zikatega: kuzunguka nguzo za umeme, madaraja, visima, mabwawa. Kusafisha kulianza 1993. Shirika la HALO Trust peke yake liliharibu mabomu zaidi ya 171,000. Septemba 2015, lilipolipuliwa la mwisho lililojulikana chini ya daraja la reli, nchi ikatangazwa kuwa huru na mabomu. Yaani miaka 22 ya watu kupiga magoti.

Na ni magoti kweli. Mteguaji hufanya kazi kwenye mkondo wa upana wa takriban mita moja. Hufyeka nyasi kwa uangalifu, hupitisha kigunduzi cha chuma, na kila kikilia huchimba kutokea ubavuni, taratibu, kwa mlalo wa chini ya nyuzi 30 ili asilibonyeze bomu kutoka juu. Udongo mwekundu wenye madini ya chuma huliza kigunduzi bure, na misumari na vifuniko vya soda vya kijiji kizima huchimbuliwa kwa heshima ileile ya bomu. Likipatikana, kwa kawaida halinyanyuliwi, hulipuliwa palepale. Umoja wa Mataifa umenukuliwa mara nyingi kwamba bomu hugharimu dola 3 hadi 30 kulinunua na dola 300 hadi 1,000 kuliondoa. Vijana wakitumia tarakimu hizo waelewe kinachozifanya kuwa kubwa. Gharama haiko kwenye bomu. Iko kwenye maelfu ya mita za mraba zisizo na kitu ambazo lazima zithibitishwe hazina kitu. Mabomu matatu yanaweza kufunga shamba la kijiji kizima.

Hapa Tanzania inaingia kwa fahari yake. Panyabuku wanaofunzwa na shirika la APOPO pale Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, hunusa TNT na kupuuza chuma. Ni wepesi kiasi cha kutofyatua bomu, na panya mmoja hukagua eneo la uwanja wa tenisi kwa takriban nusu saa, kazi inayoweza kumchukua mtu mwenye kigunduzi hadi siku 4. Walifanya kazi Msumbiji. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa Tanzania na akatunukiwa medali ya dhahabu Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia.

Je, shemeji yuko sahihi? Kuhusu mabomu ya vita vya zamani, kwa kiasi kikubwa ndiyo. Lakini tangu Oktoba 2017 kuna uasi Cabo Delgado, mkoa wa Msumbiji ulio ng'ambo ya Ruvuma kutoka Mtwara, na vilipuzi vya kutengenezwa kienyeji vimetegwa kwenye barabara na njia za mkoa huohuo. Tangazo la 2015 halijui habari hiyo. Vilevile "huru" maana yake ni kwamba maeneo yote yaliyojulikana yalisafishwa, si kwamba hakuna hata kimoja kilichosahaulika.

Mwambie hivi. Apite njia zinazotumika kila siku, na asiwe gari la kwanza asubuhi wala baada ya mapigano. Kila kituo awaulize wenyeji, hasa wachungaji na akina mama wanaochota maji, wapi hawapiti na kwa nini. Njia iliyoota nyasi katikati ya eneo lenye watu, nyumba nzima isiyo na mtu, mzoga wa mnyama uliopasuliwa, udongo uliochimbwa upya barabarani, mawe yaliyopakwa rangi nyekundu: zote hizo ni sababu ya kugeuka. Jiwe likiwa na pande mbili, nyekundu na nyeupe, upande mwekundu ndio wenye hatari. Kujisaidia asiingie porini wala ukingoni, abaki juu ya barabara yenyewe. Aibu inapona.

Akigundua yuko ndani tayari, asimame. Asigeuke ghafla, asikimbie. Awaonye walio nyuma kwa sauti, atazame miguuni na mbele yake kama kuna waya, aite msaada na angoje, hata kama ni masaa. Kurudi kwa kukanyaga nyayo zake mwenyewe ni njia ya mwisho kabisa, iwapo nyayo zinaonekana wazi na hakuna mtu wa kuja. Akiona kitu cha ajabu asikiguse, asikitupie jiwe, asikivute kwa kamba. Akumbuke mahali, aondoke kwa njia aliyojia, na atoe taarifa kwa mamlaka za huko. Kikionekana upande wetu wa mto, ni kwa polisi, namba 112, au mwenyekiti wa kijiji atakayewafikishia polisi na jeshi.

Mwenzake akilipuliwa, kumkimbilia ndiyo kosa linaloua wa pili, maana bomu moja mara nyingi lina jirani. Azungumze naye akiwa mbali, amwambie atulie na ajibane mwenyewe akiweza: mkanda au kitambaa kipana, si kwenye jeraha lenyewe bali juu yake, upande wa kiwiliwili, kikazwe kwa kijiti hadi damu ikome, na saa ya kukaza ikumbukwe. Kisifunguliwe njiani, kifunguliwe hospitalini. Hata mwenye jeraha dogo apelekwe siku hiyohiyo, kwa sababu ya udongo uliosukumwa ndani na pepopunda inayofuata.

Kuhusu mdahalo, ningewashauri wapinzani waanze kwa kukubali kwamba silaha hii inafanya kazi, kisha wawaulize wenzao swali moja: nani anaulinda uwanja huo wa mabomu, na ramani yake iko kwa nani? Wakimaliza, wataje kwamba mwaka 2023, kati ya waathirika 5,757 wa mabomu ya ardhini na masalia ya vita waliorekodiwa duniani, asilimia 84 ya wale ambao hali yao ilijulikana walikuwa raia.